Tafakari ya Wiki: Benki Inaporudisha Fedha, Nani Amelipa?



Wiki hii naomba tutafakari jambo ambalo kwa baadhi yenu litaonekana geni mahali kama hapa, maana linahusu kadi za mkopo na biashara ya mtandaoni. Mimi si mwanabenki. Nilisomeshwa falsafa na taalimungu, na hesabu zangu haziendi mbali. Hata hivyo jambo lenyewe, ukilivua vazi lake la kitaalamu, ni la kale sana. Watu wawili wamefanya biashara, mmoja anasema ametendewa vibaya, na mtu wa tatu anaombwa aamue. Ninachotaka kusema nitakisema mapema. Kinga aliyopewa mnunuzi ni ya haki, na isiondolewe. Lakini namna inavyotumika leo imemtwika muuzaji mdogo mzigo ambao waliotunga kinga hiyo hawakuukusudia, na wako miongoni mwetu wanaouongeza mzigo huo kwa kidole kimoja, wengine bila kujua, na wengine, hilo ndilo linalonisumbua, huku wakijua.

Anayenunua kitu mtandaoni kwa kadi, kisha akaona kwamba hakikufika, au kimefika kikiwa kibovu, au kwamba fedha zimekatwa bila ridhaa yake, anaweza kwenda kwa benki iliyompa kadi na kuyapinga malipo hayo. Benki ikiyapokea madai, fedha huondolewa kwa muuzaji na kurudishwa kwa mnunuzi. Wafanyabiashara huliita jambo hilo chajibaki. Mimi nitaliita marejesho ya lazima, kwa kuwa muuzaji haombwi ruhusa.

Kinga hii haikutoka hewani. Mwezi Septemba 1958 Bank of America ilituma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, jimbo la California, watu ambao hawakuwa wameziomba. Miaka minane baadaye, mwaka 1966, mabenki ya Chicago yalifanya vivyo hivyo kwa mamilioni ya kadi, na ikawa vurugu: kadi ziliibwa kwenye masanduku ya barua, nyingine zikaandikwa majina ya watoto wadogo na hata ya watu waliokwisha kufariki, na raia wakaletewa madeni ya vitu ambavyo hawakuwahi kuvigusa. Bunge la Marekani likaingilia kati. Mwaka 1970 lilipiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba, na likaweka kikomo kwamba kadi yako ikiibwa na kutumiwa, hasara yako haizidi dola 50. Mwaka 1974 ikatungwa sheria ya haki katika ankara za mikopo, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ikimpa mwenye kadi siku 60 tangu kutumiwa ankara kuandika barua ya kulalamika, na kuilazimisha benki ichunguze na kujibu. Mwaka huohuo wa 1974 Uingereza nayo ilitunga sheria ya mikopo ambayo kifungu chake cha 75 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa manunuzi ya bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000.

Nazisifu sheria hizo bila kusita. Kabla yake, mwananchi alisimama peke yake mbele ya benki, na benki ilikuwa na mawakili. Aliyemtetea mnyonge wa wakati ule alifanya kazi njema.

Lakini tazameni jambo dogo lililomo ndani ya sheria ile ya Marekani, ambalo watu wengi hawalijui. Mnunuzi anayelalamikia ubora wa kitu alichokinunua amewekewa masharti. Kitu kiwe kimezidi dola 50. Mnunuzi awe amejaribu kwanza, kwa nia njema, kupatana na muuzaji. Na biashara iwe imefanyika ndani ya jimbo lake, au ndani ya maili 100 kutoka nyumbani kwake, yaani kama kilomita 160. Maili mia moja! Waliotunga sheria hiyo walikuwa na picha akilini: mnunuzi na muuzaji ambao wanaweza kufikiana. Mnunuzi angeweza kuwasha gari asubuhi, akaenda dukani, akaweka redio mbovu juu ya meza na kusema, ndugu yangu, hii haifanyi kazi. Benki ilikuwa kimbilio la mwisho, baada ya mazungumzo kushindikana. Na hata kimbilio hilo lilitaka barua, yaani kalamu, karatasi, stempu, na usiku mmoja wa kufikiri.

Leo barua imekuwa kitufe kwenye simu. Kampuni za mitandao ya kadi, Visa na Mastercard, zina kanuni zao zilizo pana kuliko sheria hiyo, na kanuni hizo hazijali maili. Kwa madai mengi mteja hupewa siku 120. Muuzaji anaweza kuwa bara jingine, asiyejulikana sura, jina lake likiwa ni herufi chache kwenye taarifa ya benki. Umbali umeongezeka, na juhudi inayotakiwa kabla ya kushtaki imepungua. Hapo ndipo mizani ilipoinama.

Tuone basi mizani hiyo inavyofanya kazi. Katika malipo ya kadi wamo mnunuzi, benki iliyompa kadi, mtandao wa kadi unaounganisha mabenki, benki au kampuni inayompokelea muuzaji malipo, na muuzaji mwenyewe. Mnunuzi anapobonyeza kitufe, madai hupita kwa wote hao, na kila mmoja humkabidhi mwenzake mzigo mpaka ufike kwa yule asiye na wa kumkabidhi. Kwa kawaida fedha huondolewa kwanza katika akaunti ya muuzaji, kisha ndipo anapoulizwa kama ana la kusema. Hupewa siku chache za kujibu, mara nyingi kati ya 7 na 21, atoe risiti, uthibitisho wa posta, barua pepe alizoandikiana na mteja. Asipojibu, ameshindwa. Akijibu, wa kwanza kuupima ushahidi wake ni benki ya mnunuzi. Sisemi kwamba mabenki hayana uaminifu. Nasema tu kwamba hakuna mzee wa baraza kijijini angekubaliwa kusikiliza shauri ambalo mlalamikaji ndiye mteja wake wa kila mwezi.

Sasa hesabu, ambayo hata mimi naiweza. Chukueni mfano wa mama anayesuka vikapu na kuviuza kwa tovuti yake ndogo. Kikapu kimoja anakiuza dola 60. Ukindu, rangi, malipo ya wasaidizi na gharama ya posta vinachukua dola 48, kwa hiyo faida yake ni dola 12. Mnunuzi anasema hakukipokea, benki inamwamini. Dola 60 zinaondoka. Kikapu hakirudi. Juu yake kuna ada ya usumbufu anayotozwa muuzaji; kwa kampuni moja kubwa ya kupokea malipo huko Marekani ni dola 15. Mama yetu alitumia 48, akatozwa 15, akabaki na mikono mitupu: hasara ya dola 63. Ili kuziba pengo hilo itambidi auze vikapu vitano, na cha sita kimsaidie kumalizia. Kazi ya siku nyingi imekwenda kulipia sentensi moja aliyoiandika mtu asiyemfahamu. Na aghalabu ada hiyo hairudishwi hata muuzaji akishinda shauri. Mtu ameshtakiwa, ameonekana hana kosa, na bado analipia kushtakiwa kwake. Nimejaribu kutafuta utetezi wa utaratibu huo na sijaupata.

Si kila madai ni uongo, na ni lazima kuwatenga watu. Wako ambao kadi zao zimeibwa kweli. Hao hawana kosa, lakini tujue kwamba hapo muuzaji naye ameibiwa, na mara nyingi ndiye anayeubeba wizi huo. Katika duka la kawaida, kadi yenye chipu ikichomekwa kwenye mashine, hasara ya kadi bandia kwa kawaida huangukia benki. Mtandaoni, ambako hakuna anayeiona kadi, huangukia muuzaji, isipokuwa pale benki ilipomthibitisha mwenye kadi kwa hatua ya ziada, kama ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Wezi wanalijua hilo. Hutafuta maduka madogo, hata kurasa za kuchangia misaada, na kuzijaribisha humo namba za kadi zilizoibwa kwa malipo ya dola moja au mbili ili waone ipi ingali hai. Kila jaribio la dola mbili laweza kumrudia mwenye duka na ada ya dola 15.

Wako pia waliosahau. Wanaona kwenye taarifa ya benki jina wasilolitambua, kwa kuwa duka linaitwa hivi na kampuni iliyosajiliwa inaitwa vile, wanashtuka, wanabonyeza. Au mtoto amenunua kitu ndani ya mchezo wa simu, na baba, badala ya kuzungumza na mtoto, anazungumza na benki.

Kisha wako wale ambao wafanyabiashara huuita mchezo wao ulaghai wa kirafiki, jina ambalo mimi silipendi hata kidogo, maana hakuna urafiki ndani yake. Kikapu kimefika, kimewekwa sebuleni, wageni wamekisifia. Mwezi unaisha, fedha zimebana. Mnunuzi anaingia kwenye simu na kuchagua maneno yaliyokwisha kuandikwa tayari: sikupokea bidhaa. Hakuna hakimu aliyemtazama usoni. Hakuna aliyemwapisha. Anajiambia kwamba benki ni tajiri, haitaumia. Naam, kwa hilo amesema kweli, benki haitaumia. Fedha hazikutoka benki. Zilitoka kwa yule mama, pamoja na dola 15 juu yake.

Tulipokuwa seminari, katika somo la maadili, walimu wetu walitufundisha kwamba aliyeiba hawajibiki tu kujuta, bali pia kurudisha, tena amrudishie yule aliyedhurika maadamu anajulikana na anafikika. Haitoshi kutumbukiza kiasi hichohicho kwenye kapu la sadaka na kujiona umesafishika. Katika jambo hili muuzaji anajulikana kabisa. Anwani yake imo kwenye risiti. Mwenye kujitambua katika aya iliyotangulia anaweza kumwandikia leo na kumlipa upya, kikapu chake na ada aliyotozwa.

Turudi kwenye utaratibu. Kinachowatisha wauzaji wadogo kuliko hasara ya fedha ni kuhesabiwa. Mitandao ya kadi hufuatilia uwiano wa madai kwa kila muuzaji. Kwa kanuni za Mastercard, kwa mfano, muuzaji mwenye marejesho 100 au zaidi kwa mwezi, yakiwa yamefikia asilimia 1.5 ya malipo yake, huingia katika kundi la wenye kupita kiasi, na faini hufuata asipojirekebisha. Visa nayo iliunganisha mipango yake ya ufuatiliaji kuwa mpango mmoja mpya mwezi Aprili 2025. Mtu atasema, duka dogo halifikishi marejesho 100. Ni kweli, lakini kampuni inayompokelea malipo haingojei hadi hapo. Inaweza kumzuilia sehemu ya fedha zake kama akiba ya tahadhari, au kumfungia akaunti. Akifungiwa kwa sababu hiyo, jina lake laweza kuingizwa katika orodha ya Mastercard ambayo kampuni za malipo huitazama kabla ya kumpokea mfanyabiashara, na humo hukaa miaka mitano. Kwa duka linaloishi kwa malipo ya mtandaoni, miaka mitano ni mazishi. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kujibu madai, ina programu za kompyuta, ina wanasheria. Mama wa vikapu ana jioni zake tu, baada ya watoto kulala.

Je, haya yanatuhusu sisi wa Afrika Mashariki? Yanatuhusu pande zote mbili. Tunao ndugu wanaoendesha kampuni ndogo za safari na nyumba za wageni, Arusha, Zanzibar, Mombasa, na wageni wao hulipa kwa kadi miezi mingi kabla ya kuja. Kwa huduma ambayo haikutolewa, kanuni za Visa huanza kuhesabu siku 120 tangu siku ambayo huduma ilitarajiwa, mradi zisipite siku 540 tangu malipo. Siku 540 ni karibu mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, sekta ya usafiri duniani kote ilikumbwa na wimbi la marejesho ya namna hii. Mgeni hakuja, na kweli hakupata safari, kwa hiyo madai yake hayakuwa ya uongo. Lakini mwendesha safari mdogo huwa amekwisha kulipa amana kwa hoteli na kwa wenye magari, na yeye hana kadi ya kuwarudisha hao nyuma. Wageni waliokubali kuahirisha badala ya kudai, waliokoa ajira za watu ambao pengine hawatawaona kamwe.

Kwa upande wa pili, sisi wenyewe tumekuwa wanunuzi. Kenya, tangu Juni 2022, mwenye M-Pesa anaweza kupata kadi ya Visa isiyoshikika, iliyomo ndani ya simu, na kununua nayo nje ya nchi. Kijana asiye na akaunti ya benki sasa anacho kitufe kilekile alichonacho mkazi wa Chicago. Na wenye maduka ya mitaani wameshaonja ladha yake kwa njia ya nyumbani: mteja analipa kwa simu, anaondoka na unga na mafuta, kisha anaomba muamala urudishwe akidai alikosea namba.

Najua nitakavyojibiwa. Wauzaji nao ni walaghai! Kuna maduka ya mtandaoni yasiyo na bidhaa hata moja, yanayotuma viatu vya kushoto viwili, yasiyojibu barua. Ni kweli tupu, na kwa ajili ya hao kitufe kiendelee kuwepo. Kama umeibiwa kadi, usingoje hata saa moja. Piga simu benki. Kama muuzaji amekula fedha zako na kunyamaza, mshtaki bila aibu. Ninachopinga ni kumtendea kila muuzaji kana kwamba ni huyo.

Kuna mambo yanayoweza kurekebishwa bila kumnyang'anya mnunuzi chochote. Anayeshinda shauri arudishiwe ada yake. Hili ni dogo kiasi kwamba kutolitenda ni aibu. Kwa malalamiko ya ubora au kuchelewa, benki iulize kwanza kwa dhati, si kwa kisanduku cha kutiki, kama mteja amemwandikia muuzaji, na iombe kuiona barua hiyo. Waliotunga sheria mwaka 1974 waliliona hilo, nasi tumelipoteza njiani. Nakiri kwamba mitandao imeanza kusikia. Tangu Aprili 2023 Visa inamruhusu muuzaji anayeambiwa kwamba malipo ni ya wizi aoneshe malipo mawili ya nyuma ya kadi hiyohiyo ambayo hayakulalamikiwa, yaliyofanyika kati ya siku 120 na 365 kabla, yakiwa na alama zinazofanana kama vile kifaa kilichotumika. Ni hatua nzuri. Bahati mbaya inamfaa zaidi mwenye wateja wanaorudi na kumbukumbu zilizopangwa vizuri, na nani ana kumbukumbu za namna hiyo kama si mkubwa?

Kwa hiyo wanaparokia wenye maduka, na najua mpo, msingoje kanuni. Hakikisheni jina linaloonekana kwenye taarifa ya benki ya mteja ni lile analolijua. Tunzeni risiti ya posta yenye namba ya ufuatiliaji, hata kwa kitu kidogo. Wekeni namba ya simu mahali panapoonekana, na ikipigwa, pokeeni. Mteja aliyekasirika anayepokelewa simu mara nyingi hukubali kurudishiwa fedha kwa hiari, na marejesho ya hiari hayana ada ya dola 15 wala hayahesabiwi katika uwiano. Washeni ule uthibitisho wa ziada wa kadi kwa mauzo makubwa, ingawa baadhi ya wateja watanung'unika.

Na ninyi wanunuzi, mkiona jina msilolitambua kwenye taarifa yenu, waulizeni kwanza watu wa nyumbani. Kisha andikeni barua pepe kwa muuzaji: jina, tarehe, kiasi, na tatizo. Mpeni siku tatu au nne; siku 120 ni nyingi, hamtachelewa. Barua hiyohiyo ndiyo itakayowasaidia benki iwapo atanyamaza.